Harufu ya Rangi Chumbageni

Mwaka ule masika yaliingia mapema, na yalimkuta Massoud amekwisha kulikwangua gari la Mzee Tahiri rangi yote. Hilo ndilo lililomponza. Gari lenye rangi yake kuukuu, hata kama imepasuka na kubanduka, unaweza kuliacha miezi ukarudi ukalikuta vilevile. Lakini gari lililosuguliwa mpaka bati likang'aa, tena Tanga, tena mtaa wenyewe unapigwa na upepo wa chumvi usiku na mchana, halikupi nafasi ya kupumua. Unaliacha jioni jeupe kama sahani mpya, asubuhi unalikuta limeota wekundu mwembamba wa kutu juu ya boneti na madigadi, na ukipitisha kidole kinaacha alama.

Massoud alikuwa Mpemba wa Wete. Alivuka kuja Tanga angali kijana, akajifunza kunyoosha bodi na kupaka rangi katika gereji ya mabasi, akamwoa Kazija wa Chumbageni, wakapata binti yao Asmaa. Kazi yake aliijua na watu walimjua kwayo. Ila miaka ile ya shida haikujali nani fundi na nani si fundi. Rangi haikuwamo madukani, msasa haukuwamo, na hata sabuni ya kunawia mikono ilikuwa ya kubahatisha. Alikuwa akishinda bandani kwake na brashi zilizokauka, akizibaziba matundu ya magari ya watu kwa mabaki ya mabaki. Kwa hiyo Mzee Tahiri alipomwita na kumwonyesha Pijo yake, Massoud aliona amefunguliwa mlango.

Mzee Tahiri alikuwa karani mstaafu wa shamba la mkonge. Pijo ile, namba mia nne na tatu ya zamani, aliachiwa na meneja wake Mzungu alipofunga virago mashamba yalipotaifishwa. Mkewe alikuwa amefariki, na binti yake wa pekee, Mboni, ameolewa huko Moa, karibu na mpaka. Mzee akabaki na nyumba, banda la gari uani, na gari lenyewe. Kila asubuhi alilifuta kwa kanga kuukuu ya marehemu. Lakini kanga haizuii chumvi. Kutu ilikuwa imeingia chini ya milango na nyuma ya taa, na sehemu nyingine ukigonga kwa kifundo cha kidole unasikia bati linalia kama ganda tupu. Mzee alisema likimwozea hili hatapata jingine mpaka anaingia kaburini, na Massoud alijua kuwa hilo ni kweli.

Rangi ililetwa na Uweso, mume wa Mboni. Massoud alikuwapo siku hiyo. Uweso alikuwa mtu mfupi, mcheshi, mwenye vifundo vya miguu vilivyokomaa kwa kupiga baiskeli njia za vichakani. Alikuja na mapakacha mawili ya nazi, na chini ya nazi yalikuwamo makopo: rangi nyekundu ya kuzuia kutu, rangi ya juu yenye weupe wa samli, na madebe madogo ya thina ya kuzimulia rangi. Vyote vilitoka Mombasa, na havikupita forodhani. Alipomaliza kuyashusha alimtazama Massoud akasema, "Fundi, wewe hujaniona." Wakacheka wote watatu. Wakati ule jambo la namna hiyo lilikuwa la kuchekwa, kwani nusu ya vitu vilivyovaliwa na kuliwa Tanga vilikuja kwa njia hiyohiyo.

Kisha redio ikatangaza msako wa wahujumu uchumi.

Mji ulibadilika mara moja. Watu walioficha bidhaa walizigeuka kama waliogundua kuwa wamelala na nyoka. Marobota ya vitenge yalichomwa moto nyuma ya nyumba. Mtu mmoja, hakujulikana nani, alimwaga makatoni ya sabuni ya unga katika mtaro wa nyuma ya soko, na mvua ilipoyapiga mtaro ukatoa povu kutwa nzima, jeupe na zito, likipita mbele ya milango ya watu huku kila mtu akijifanya halioni. Lori la msako lilipita mitaani polepole. Likisimama mahali, mtaa mzima unanyamaza.

Massoud alimkuta Mzee Tahiri bandani, ameketi juu ya makopo kwa kanzu yake safi, mikono magotini. Gari lilikuwa mbele yake, limevuliwa milango, uchi, na wekundu umeanza kutambaa juu ya paa. Mzee akasema wangoje, mambo haya yatapita. Massoud alichukua msasa wake uliokwisha makali akausugua ule wekundu, akaupangusa, akaenda zake. Kesho yake ulikuwa umerudi. Akausugua tena. Na kila akisugua alijua kuwa anakula bati, na bati la Pijo ile halikuwa la kulika tena.

Angeweza kuacha. Kazija alimwambia aache, akamwuliza gari la mtu linamhusu nini mtu mwenye mtoto. Yeye ndiye aliyelivua lile gari, na kuliacha hivyo katika unyevu wa masika kulimwia sawa na kumvua mgonjwa nguo ukamwacha barazani. Vilevile, na hili hakulisema, alikuwa amekaa muda mrefu mno bila kushika rangi ya kweli. Siku ya nne au ya tano akamwambia mzee kuwa wapake upesi, wamalize, na makopo wayafukie. Mzee alikubali kwa kuinamisha kichwa tu.

Kompresa ya kupulizia rangi ingepiga kelele, kwa hiyo Massoud alipaka kwa brashi. Jambo lililowashinda lilikuwa harufu. Kopo lilipofunguliwa tu, ile harufu kali ya rangi na thina ilijaa banda, ikatoka, ikapita juu ya ukuta ikaingia mtaani. Katika mji ambao haukuwa na kopo moja la rangi dukani, harufu ile ilikuwa sawa na kupiga mbiu. Wakafunga mlango wa banda, wakasokomeza magunia katika kila upenyo, chini ya mlango, juu ya kenchi, kwenye tundu la dirisha. Massoud akawa anafanya kazi humo ndani kwa mwanga wa bati moja la plastiki lililokuwa paani, kichwa kinamzunguka, macho yanamtiririka machozi. Alianza na boneti, madigadi na milango miwili ya mbele, akiisukuma rangi nyekundu kwa brashi mpaka kwenye mikunjo ya ndani ambako maji hupenda kujificha. Aliosha kila kipande kwa thina kwanza, kisha akakigusa kwa mgongo wa mkono kuhakikisha kuwa hakina unyevu. Lakini hewa yenyewe ilikuwa na unyevu. Rangi iligoma kukauka. Unaiacha jioni inanata, unarudi asubuhi bado inanata.

Hapo ndipo alipokuja Timotheo. Alikuwa fundi cherehani, Mbondei wa Muheza, na ndiye mjumbe wa nyumba kumi. Alipiga hodi mchana kweupe, akaamkia shikamoo, akapewa kigoda chini ya upenu, hatua chache tu kutoka kwenye mlango wa banda. Massoud alitoka kwa nyuma akaja kuketi nao, mikono ameificha katika mikunjo ya msuli. Timotheo alizungumza juu ya muhogo uliooza shambani kwake kwa mvua. Akazungumza juu ya mwanawe aliyeko jeshini. Harufu ilikuwa imewazunguka watatu wote, nzito, mtu angeweza kuishika.

Kisha akasema, kwa sauti ileile ya kuzungumzia muhogo, "Mimi siku hizi nina mafua, Mzee Tahiri. Sisikii harufu ya kitu chochote. Hata mke wangu akiunguza wali, mimi sina habari."

"Lakini nakunywa dawa," Timotheo akaendelea. "Nadhani wiki ijayo nitakuwa nimepona."

Akaaga, akatoka na mwavuli wake. Tangu saa ile Massoud hakumwona tena Mzee Tahiri akitulia. Usiku hakulala, mchana hakula. Alikuwa akiingia bandani kugusa rangi kwa ncha ya kidole, anatoka, anaingia tena. Aliuliza kama jua litatoka. Aliuliza kama jiko la mkaa haliwezi kusaidia. Massoud alimkataza hilo kwa maneno makavu kuliko alivyozoea kusema na mtu wa umri ule. Alimweleza kuwa thina iliyo hewani mle ndani inangoja cheche tu, na kwamba humo hata sigara isiingie. Mzee akasema ameelewa.

Siku iliyofuata Massoud alikwenda nyumbani kula. Alikuwa na tonge mkononi aliposikia mshindo, si mkubwa sana, kama mtu aliyeangusha gunia la mchele kutoka juu ya lori. Kazija alimtazama. Wote wawili walijua.

Alipofika, mlango wa banda ulikuwa umelala uani na moshi mweusi unatoka. Mzee Tahiri alikuwa amekaa chini kwenye maji ya mvua, kanzu imemgandia kifuani, na mikono yake ameinyoosha mbele kama mtu anayengoja kupewa kitu. Hakuwa akilia. Nyuma yake jiko la mkaa lilikuwa limepinduka. Majirani walikuja na ndoo, wakazima moto upesi, kwa kuwa mvua iliwasaidia. Na walipokwisha kuuzima wakasimama pale, mtaa mzima, wanatazama gari lililoungua upande mmoja na makopo yenye maandishi ya kigeni yaliyotapakaa uani.

Timotheo alikuwa miongoni mwao, ndoo mkononi, nguo zimelowa. Alimsogelea Massoud, akasema taratibu ili asisikike na wengine, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyefiwa.

"Fundi," alisema, "mimi sasa nimepona."

Massoud na wanaume wengine walimbeba mzee mpaka hospitali. Massoud alipotoka wodini, watu wa msako walikuwa wanamngoja penye ngazi.

Walimweka mahabusu pamoja na wenye maduka na wenye malori, na mtu mmoja aliyekamatwa kwa vipande vya sabuni. Mtu aliyemhoji hakuwa mkali. Alikuwa na sauti ya upole, na alimwuliza swali lilelile kila alipomwita: rangi ni ya nani, na imepita wapi. Massoud alisema rangi ni ya mwenye gari, yeye ni fundi wa kupaka tu. Ndipo yule mtu alipomwambia, bila kubadilisha sauti, kuwa Mzee Tahiri ameulizwa kitandani kwake na amesema rangi ni ya fundi, fundi alikuja nayo mwenyewe.

Massoud alirudi akaketi ukutani. Hakuhitaji kuelezwa. Ilikuwa ni yeye au Uweso, na Uweso alikuwa baba wa wajukuu wa mzee yule. Alijaribu kumchukia Mzee Tahiri, lakini kila akijaribu alimwona tu amekaa kwenye maji, mikono mbele.

Siku nyingi hakumtaja Uweso. Kazija alikuja na chakula, akamweleza kuwa mwenye nyumba anataka wahame, kwamba dukani akifika wenzake wanaacha mazungumzo, kwamba Asmaa amerudi shuleni analia kwa sababu wenzake wanamwita mtoto wa mhujumu. Hakumwambia afanye nini. Alichukua bakuli lake tupu akaondoka. Alipoitwa tena na kuulizwa swali lilelile, Massoud alisikia kinywa chake kikisema jina la Uweso na jina la kijiji cha Moa. Yalitoka kwa wepesi uliomshangaza.

Walikwenda Moa siku hiyohiyo. Uweso alikuwa amekwisha kuvuka upande wa Kenya. Aliacha baiskeli, akaacha mke na watoto. Nyumba ilipekuliwa mpaka kitanda, ghala ya nazi ikavunjwa. Baada ya muda Massoud aliachiwa. Mzee Tahiri alikuwa amefariki kwa vidonda vyake, na matanga yalikuwa yamekwisha kuondolewa.

Miaka ikapita kidogo, na upepo ukageuka. Serikali ikaruhusu wenye fedha zao nje waingize bidhaa, na vitu vikaanza kurudi madukani, kwanza kwa woga, halafu kwa fujo: vitenge, betri, mafuta ya nywele, rangi. Makopo yaleyale yaliyowapeleka watu mahabusu sasa yalipangwa rafuni, yamefutwa vumbi. Massoud alikuwa akisimama mbele ya duka anayatazama, haingii.

Siku moja Mboni akaja bandani kwake. Alikuwa amehamia Chumbageni, katika nyumba ya baba yake, yeye na watoto. Alivaa buibui, na usoni alifanana na marehemu baba yake hata Massoud akasimama bila kutaka. Alimsalimu kwa adabu, akasema kuwa lile gari bado liko, na anataka alimalize ili aliuze. Rangi amekwisha kununua. Massoud hakuweza kukataa. Alisema hatachukua ujira, na Mboni hakumwuliza sababu.

Gari lilikuwa limesimama bandani vilevile, chini ya masizi. Vipande alivyowahi kuvipaka rangi nyekundu vilikuwa vizima. Ukifuta masizi bati la chini lilikuwa imara. Lakini paa na milango ya nyuma, ambavyo havikuwahi kuguswa na brashi, vilikuwa vimetoboka kama kofia ya vitobo iliyoshonwa kwa mkono, mwanga unapita. Massoud alikata yaliyooza, akapata bati la lori bovu, akaliunga, akalinyoosha kwa nyundo na gogo. Akapaka pati ya kusawazisha mashimo, akasugua, akapaka tena. Alifanya kazi mlango ukiwa wazi, upepo unapita, na harufu ya rangi ilitembea mtaani bila kumshtua mtu. Wapita njia walisimama kulisifu gari.

Kila siku Mboni alimletea chai, akaketi kwenye kigoda kumtazama. Hakuzungumza. Massoud alikuwa akiyasikia macho yake mgongoni kama joto la jiko. Alipojaribu kumwuliza habari za watoto alijibiwa kwa neno moja. Alipotaka kusema juu ya marehemu, Mboni alinyanyua kikombe kitupu akaingia ndani.

Rangi ya juu ilipokauka, siku ya kulisugua kwa kitambaa ling'ae, gari lilikuwa limetoka, rangi ya samli, laini, unaweza kujiona ndani yake. Mboni alilizunguka mara moja. Akapitisha kiganja juu ya madigadi.

"Baba aliniambia kabla hajakata roho kuwa alikusingizia wewe," alisema. "Na waliokuja kupekua Moa waliniambia aliyemtaja mume wangu ni nani."

Massoud alikuwa ameshika kitambaa. "Kumbe ulijua siku zote hizi."

"Nilijua."

"Mbona hukusema?"

"Nilitaka gari liishe kwanza." Alisema bila hasira, kama mtu anayeeleza kwa nini alianza na mchele akamalizia na nazi. "Uweso anarudi baada ya Idi. Naye anajua."

Massoud alinawa mikono kwa mafuta ya taa akaenda nyumbani. Alimwambia Kazija kuwa wahamie Pemba, kwa ndugu zake Wete, na wahame kabla ya Idi. Kazija alimsikiliza mpaka mwisho. Akamjibu, "Baba Asmaa, mtoto anasoma hapa, na mama yangu amezikwa hapa. Mimi sihami kwa ajili ya mtu ambaye bado hajasema neno." Wakabishana siku kadhaa, na Kazija akashinda.

Gari lilinunuliwa na mtu wa Mkwaja, likaondoka. Idi ikapita. Uweso akarudi, amenenepa, ana mvi kidogo, na haukupita muda alikuwa na duka lake na lori. Siku waliyokutana njiani, Massoud alisimama akingoja. Uweso alimpa salamu kamili, akamwuliza hali yake na ya mama Asmaa, akaenda zake.

Ijumaa ile msikitini, Massoud alipokuwa amekwisha kusimama safuni, mtu alikuja akajipenyeza kuliani kwake, bega kwa bega. Alikuwa Uweso. Walisali. Baada ya salamu Uweso alimpa mkono, akaushika kidogo zaidi ya kawaida, akauachia. Ijumaa iliyofuata ikawa hivyohivyo. Massoud alibadilisha safu, Uweso akaja. Alichelewa makusudi, akasimama nyuma kabisa penye viatu. Uweso akarudi nyuma, akasimama naye. Kazija alimwambia huenda mwenzake amemsamehe na hajui namna ya kulisema. Massoud alijibu kuwa huenda.

Mwaka ukaisha, ukaja mwingine. Madukani rangi zikazidi hata zikakosa pa kuwekwa. Ijumaa moja Massoud alishindwa kuvumilia. Walipomaliza kupeana mikono hakuuachia mkono wa mwenzake, akamwuliza kwa sauti ya chini kama ana neno naye.

Uweso alimtazama usoni. Alitabasamu, na tabasamu lile lilikuwa lilelile la zamani, la mtu mcheshi.

"Sina, fundi," alisema. "Nikiwa nalo nitakwambia."

Akauchomoa mkono wake taratibu, akainuka, akakung'uta kanzu, akatangulia kutoka. Massoud alibaki ameketi mkekani mpaka msikiti ukawa mtupu, akijua kuwa Ijumaa ijayo Uweso atasimama tena kuliani kwake, na yeye atalingoja tena neno lile.